Shemeji Aonje Kwanza

Watu wa huku kwetu bado wananilaumu kwa sababu ya jagi moja la maji. Wanasema niliaibisha boma mbele ya wageni. Wanasema mwanamke aliyeolewa hapa miaka yote hii alipaswa kujua siku ya kunyamaza. Mimi nilinyamaza vya kutosha, na nilichovuna kwenye huo unyamavu ni kumbeba mjukuu wangu mgongoni hadi kliniki, akiwa mlegevu kama kitambaa kilicholoa. Kwa hiyo acheni nisimulie mwenyewe, na hasira zangu zikiwemo. Wengine wakiisimulia wanaitia sukari.

Mimi ni mzaliwa wa Migwani, kule Kitui. Niliolewa huku Makueni ya chini, sehemu ambayo ukitaka kitu cha maana unashuka Kibwezi. Nilipofika nilikuta mto ambao mgeni asingeuita mto. Sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, mweupe, unavuka na ndala zako miguuni bila kulowa. Maji yako chini. Unapiga magoti, unafukua kwa mikono na bakuli, mchanga unaanza kuwa baridi, halafu unalowa, halafu shimo linaanza kujaa polepole. Ya kwanza unayatupa. Ya pili unayatupa. Ya tatu yanakuja maangavu hadi unaona kucha zako ndani. Mama alinifundisha hivyo kwetu, na mama mkwe alinipeleka mtoni wiki ya kwanza ya ndoa yangu kuona kama nilifundishwa. Alinitazama nikifukua, kisha akachukua kata akanywa. Nikajua nimekubaliwa.

Shimo hilo liko chini ya jiwe kubwa, mahali mto unapojikunja. Mama mkwe aliniachia lile shimo kama wengine wanavyoachiwa ng'ombe. Kila msimu nililizungushia matawi ya miiba mbuzi wasitumbukie. Sisi wanawake wa mwethya, kile kikundi chetu cha kusaidiana kazi, tulibeba mawe kichwani tukajenga ukuta wa kuvuka mto ili mchanga ujikusanye na maji yakae muda mrefu zaidi. Huko juu kwenye mteremko tulichimba matuta, shamba baada ya shamba, leo kwako, kesho kwangu, na ukingoni mwa mto tukapanda nyasi za nepia. Hatukufanya hivyo kwa ajili ya sifa. Udongo ukishuka mtoni, mchanga unazibika. Mchanga ukizibika, hakuna maji. Kila mtu hapa alijua, hata mlevi.

Kila mtu, isipokuwa shemeji yangu.

Shemeji ni mdogo wa mume wangu. Alikaa mjini miaka mingi, kisha akarudi na gari, tumbo na mipango. Shamba lake linapakana na letu kwa upande wa juu, linateremka moja kwa moja hadi kwenye jiwe langu. Ni mtu mchangamfu, huyo. Akikuta kina mama sokoni anawanunulia soda. Kwenye harambee anasimama wa kwanza. Kumchukia mtu wa aina hiyo ni kazi, na mimi niliifanya.

Alianza na nyanya. Malori yanayopita barabara ya Mombasa yanachukua nyanya nyingi kadiri utakavyopakia, na yeye alitaka kupakia. Akaleta trekta. Matuta yetu, yale tuliyochimba kwa mikono tukiimba, yakasawazishwa kwa asubuhi moja kwa sababu trekta haiwezi kugeuka vizuri kati yake. Akalima kutoka juu kuteremka chini, mistari yote ikielekea mtoni. Nepia akaing'oa hadi ukingoni kabisa ili apate safu mbili tatu zaidi. Akaweka pampu mchangani. Kisha malori yakaanza kumletea mbolea ya kuku, mbichi, ya moto, akaimwaga rundo moja kubwa pale pale ukingoni kwa kuwa ndipo lori lilipoweza kufika. Na mawingu yalipoanza kukusanyika, nilimwona akipita shambani na ndoo, akirusha mbolea ya dukani kwa mkono wazi, kulia na kushoto, kama anayewalisha kuku. Eti mvua ikija itaiyeyusha.

Mvua ilikuja na ikaiyeyusha, halafu ikaipeleka kwangu.

Maji yalishuka mekundu kwanza, mazito, yamejaa udongo wa juu ambao sisi tuliulinda kwa jasho. Yalipotulia yakaacha madimbwi kando ya jiwe, na madimbwi yale yakageuka kijani. Utando ukatanda juu yake, ukiuinua kwa kijiti unavutika kama bamia. Nilifukua shimo langu. Nikatupa ya kwanza, nikatupa ya pili, ya tatu, ya nne, nikaendelea kutupa hadi kiuno kikaniuma. Yalikuwa bado yananuka banda la kuku. Punda wangu alishusha mdomo, akanusa, akarudisha kichwa nyuma, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemfanyia hivyo.

Nilimwendea shemeji siku hiyo hiyo. Alikuwa chini ya kivuli cha kibanda chake, anapanga makreti.

"Shemeji, mto unanuka," nikamwambia.

"Hiyo ni manure tu, shem. Itaisha."

"Itaisha aje na rundo liko pale ukingoni? Kila ikinyesha inashuka."

"Si ni rotuba? Wewe si ni mkulima, shem? Unaogopa rotuba?"

"Rotuba iko mtoni. Haiko kwa shamba yako. Umenunua mbolea ukampatia mto."

Hapo akacheka, kwa sababu kwa kweli nilikuwa nimesema kitu cha kuchekesha, na vibarua wake wakacheka pia. Kisha akasema neno ambalo nimelibeba hadi leo.

"Si uchemshe tu?"

Binti yake alikuwepo, amesimama mlangoni na sufuria mkononi. Namtaja mapema kwa sababu yeye ndiye aliyeibeba hadithi hii hadi mwisho. Alikuwa msichana aliyemaliza shule, mtulivu, na tangu akiwa mdogo alikuwa akichota maji pamoja na mimi kwa sababu mama yake mgongo ulimsumbua. Nilimfundisha kufukua kama nilivyofundishwa. Alisikia baba yake akisema vile, akaangalia chini.

Nilichemsha. Ningefanya nini? Wakati huo binti yangu alikuwa ameniachia mtoto wake mchanga ili arudi kazini, na mtoto yule alikuwa anakunywa maziwa ya unga kwa chupa. Nilichemsha maji hadi yakapungua nusu sufuria, nikayapoza, nikakoroga maziwa. Mtoto akaanza kuhara. Halafu midomo yake ikaanza kupoteza rangi, ikawa kama ya mtu aliyekula zambarau. Hapo ndipo nilipomfunga mgongoni nikakimbia naye barabarani kutafuta gari la Kibwezi.

Muuguzi aliniuliza maswali mengi kuhusu chupa na sabuni, hadi aliponiuliza kuhusu maji. Nilimweleza yote: rundo, pampu, ndoo ya mbolea. Akaacha kuandika.

"Mama, kuchemsha kunaua vijidudu," akasema. "Fatalaiza, hiyo mbolea, haifi. Maji yakipungua kwa moto, yenyewe inabaki pale pale, tena imekolea. Huyu mtoto usimpe hayo maji tena, hata tone."

Kwa hiyo nilikuwa nimekaa mbele ya moto wangu, kwa upendo wangu wote, nikimkolezea mjukuu wangu sumu. Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe. Mimi sikupona. Niliposhuka garini nilikuwa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine alikuwa na jambo moja tu kichwani: shemeji atakunywa maji yale, na atayanywa mbele za watu.

Usidhani nilianzia hapo. Nilimweleza kwanza alichosema muuguzi, neno kwa neno. Alisikitika sana, akaniletea kreti la nyanya kunipa pole. Nyanya! Niliwamwagia kuku zote, nao wakadonoa kidogo wakaziacha. Nilimwomba mume wangu aseme na mdogo wake. Mume wangu ni mzee wa kanisa, mtu mpole, akiona moto anatafuta mstari wa Biblia. Alituombea mezani, "Bwana, tuondolee uchungu mioyoni." Nikasema amina kwa sauti. Moyoni nikaongeza kwamba Bwana asubiri kidogo.

Tangu siku hiyo nilikuwa nafunga punda asubuhi na kwenda kuchota kwenye bomba lililoko mbali huko njia panda, narudi jua likiwa utosini. Kila nilipopita karibu na jiwe langu nilisimama kulitazama shimo. Miiba ilikuwa bado imelizunguka. Nilikuwa nalinda maji ambayo hata mbuzi hawakuyataka.

Kisha yule binti wa shemeji akapata mchumba, na ikapangwa ntheo.

Kwa asiyejua, ntheo ni siku ile watu wa mwanamume wanapoleta mbuzi nyumbani kwa msichana. Mbuzi hao wakipokelewa na kuliwa, msichana ameolewa, hata kama harusi ya kanisani itakuja baadaye. Ni siku kubwa. Na siku kama hiyo mwenye nyumba huwa anakabidhi jiko lake kwa wanawake wa mwethya. Sisi ndio tunaochota, tunaopika, tunaopakua, tunaoandaa meza. Yeye mwenyewe haruhusiwi hata kuchungulia kwenye sufuria. Anakaa na wageni, anatabasamu, anakula kitakacholetwa. Shemeji alisahau jambo hilo. Aliishi mjini sana, akadhani jikoni ni mahali pa wapishi tu.

Na kuna desturi nyingine hakuisahau, hakuna Mkamba anayeisahau. Anayekupa kinywaji huonja kwanza. Iwe pombe, iwe uji, iwe maji, anapiga funda moja mbele yako uone kwamba hajakutilia kitu. Majirani zetu wanatucheka kwa uoga wetu wa kulogana, waache wacheke. Ni desturi nzuri. Sijawahi kuipenda kama nilivyoipenda siku ile.

Shemeji alikuwa ameleta makatoni ya maji ya chupa kutoka mjini. Niliyapokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikayafungia stoo, ufunguo nikautia kwenye sidiria. Pilau na chai vilipikwa kwa maji ya tangi la mvua la jirani. Nasema hivi waziwazi kwa sababu baadaye kulikuwa na maneno: hakuna mgeni aliyepikiwa maji ya mto. Mimi nina hasira, si mchawi. Maji ya mto nilichota jagi moja tu. Nilikwenda mwenyewe hadi kwenye jiwe langu, nimevaa kitenge changu kipya cha sherehe, nikapiga magoti nikafukua. Sikutupa ya kwanza. Nilichota yalivyo. Wenzangu jikoni waliniona nikirudi na jagi lile la kioo, wakalitazama, wakanitazama. Hakuna aliyeniuliza. Mmoja alinifungulia njia tu.

Wageni walikuwa wamekaa chini ya hema. Mbuzi walikuwa wamefungwa kando, wanalialia. Wazee wa pande zote walishasalimiana, mchungaji alishaomba, na shemeji alikuwa amesimama akiwakaribisha. Alikuwa amependeza, siwezi kukataa. Anawaambia athoni wake, yaani wakwe, kwamba wamekuja kuoa kwenye nyumba ya mkulima, kwamba Mombasa wakila saladi wajue ni yake. Watu wakapiga makofi. Hapo nikaingia na sinia. Nikaliweka jagi mbele yake, na glasi moja.

"Shemeji, wageni wana kiu," nikasema, kwa adabu zangu zote. "Onja kwanza, tuwape."

Jua lilikuwa linapita kwenye kioo. Maji yalikuwa na rangi ya kijani, nyembamba, na vijiuzi vidogo vidogo vikielea ndani. Shemeji alilitazama jagi. Kisha akanitazama mimi, na nikaona ameelewa kila kitu, kuanzia kliniki hadi kwenye kreti la nyanya. Tabasamu lilibaki usoni lakini halikuwa na mtu ndani yake.

"Ile ya chupa iko wapi, shem?" akauliza polepole.

"Iko stoo. Lakini hii ni ya nyumbani. Mgeni wa ntheo anapewa cha nyumbani."

Mzee mmoja wa upande wa wageni akatikisa kichwa kukubali. "Ni kweli kabisa," akasema. "Cha nyumbani ndicho kizuri."

Nikammiminia. Nilijaza hadi juu. Kama angesema hapana, angekuwa amewaambia athoni kwamba kinywaji cha nyumbani kwake hakiguswi, na mbuzi wale wangefunguliwa kamba saa hiyo hiyo. Kwa hiyo akanywa. Aliyanywa yote kwa sababu alidhani akimaliza haraka yatakwisha haraka. Nilihesabu mafunda kwa kuangalia koo lake likipanda na kushuka, na kila funda lilikuwa tamu kwangu. Nasema ukweli. Nimekula sikukuu nyingi na sijawahi kushiba kama siku ile.

Nilikuwa nimepanga kuishia hapo. Ninyanyue jagi, niseme samahani ngoja niwaletee baridi, niende nikafungue stoo. Nilishaunyoosha mkono. Lakini kwenye mstari wa mbele alikuwa amekaa bibi yake bwana harusi, mwanamke mzee mwembamba aliyefunga leso mbili. Akanishika mkono, akalivuta jagi kwake, akalinusa.

"Hii ni maji ya huu mto?" akauliza.

"Ndio, mwaitu," nikajibu. Ndivyo tunavyowaita mama zetu.

"Basi naijua."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyemtambua jirani sokoni. Akamgeukia shemeji. "Sisi tuko huko chini, mto ukishapita ile daraja. Maji yetu ilianza kunuka hivi mvua ile ingine. Mbuzi wakaanza kutupa mimba. Tuliuliza kila mtu, tukaambiwa ni mashamba makubwa ya huko juu, ya watu hatuwajui." Akalirudisha jagi kwenye sinia. "Kumbe tulikuwa tunakuja kuoa kwa mwenyewe."

Hata mbuzi nafikiri walinyamaza. Mimi nilisimama pale na sinia langu na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikaogopa. Nilikuwa kama mtu aliyetaka kisu kidogo cha kumchoma mtu mmoja, kumbe ameshika panga.

Wazee wa upande wa pili waliomba nafasi, wakaenda nyuma ya nyumba kuongea. Walikaa huko muda mrefu. Mchungaji alijaribu kuanzisha wimbo, watu wawili wakamfuata kisha wakaacha. Hapo ndipo binti alipotoka ndani, amevalishwa vizuri, macho mekundu, akanifuata hadi mlangoni mwa jiko.

"Aunty, leo?" akasema. "Kweli, leo?"

"Ulitaka niseme siku gani?" nikamjibu. "Siku ingine angenisikia?"

Aligeuka akarudi ndani. Kama kuna kitu kilichoniuma katika mambo haya yote ni mgongo wake ule akienda. Lakini hata ulipokuwa unaniuma, nilijua ningerudia.

Wazee walirudi wakasema hawajakuja kuvunja kitu, watoto wamependana. Mbuzi watabaki. Ila waliomba neno moja mbele ya mchungaji: ukingo wa mto urudishiwe nyasi, matuta yarudi, rundo lile litoke. Msichana wao atakunywa kutoka mto huu maisha yake yote, walisema. Shemeji aliahidi. Aliahidi kwa mikono yote miwili, jasho likimtiririka, angeahidi hata kuuhamisha mto. Mbuzi akachinjwa. Nilifungua stoo, wageni wakanywa maji ya chupa, na watu wakala pilau yangu bila kunitazama usoni.

Unajua alitimizaje ahadi hiyo? Alipanda mstari mmoja wa nepia. Mmoja, mwembamba kama masharubu ya kijana anayebalehe, na mbuzi wake mwenyewe wakaumaliza kabla haujashika mizizi. Rundo lilihamishwa hatua chache kutoka ukingoni, kisha lori lililofuata likamwaga pale pale pa zamani. Matuta hakuyagusa. Mvua ikaja, mto ukanuka. Aliacha kunisalimia. Mume wangu alinisalimia, lakini kwa mistari ya Biblia. Kwenye mwethya wengine walisema nilifanya vizuri, wengine wakasema boma haliaibishwi hivyo, na kwa muda hatukuwa tunaimba vizuri tukiwa kazini. Nami nikaendelea kufunga punda kwenda njia panda. Kwa hiyo nilikuwa nimelipiza, na sikuwa na maji.

Binti akaolewa akashuka kwao huko chini. Kwa muda mrefu hakunipigia simu. Siku alipopiga, hakuanza na habari za nyumbani. Alianza kwa kucheka.

"Aunty, unajua bibi anamfanyia nini baba?"

Kumbe kila shemeji alipokwenda kumwona binti yake, yule bibi wa leso mbili alikuwa anamwekea kiti, na kabla ya chai, kabla hata ya salamu kuisha, anamletea kikombe cha maji ya kisima chao cha mtoni. Anaonja kwanza yeye mwenyewe, funda zuri, anafuta mdomo, kisha anampa. Na kwa kuwa ameonja, mgeni hana pa kutokea. Shemeji anakunywa. Kila safari. Nilipoambiwa hivyo nilikaa chini kwenye kinu changu nikacheka hadi majirani wakaja kuona kuna nini. Nilitamani kumtumia bibi yule kuku.

Kisha mtoto akazaliwa, mjukuu wa kwanza wa shemeji. Alimpenda mtoto huyo mpaka ikawa aibu. Alikuwa anateremka huko kila wiki na mafuta, na nguo, na ndizi za kiganda, na kikombe akawa anakinywa haraka bila hata kulalamika ili apewe mtoto. Nikaona kisasi changu kinamzoea. Jambo hilo lilinikasirisha sana.

Mtoto alipofikisha umri wa kulishwa uji, shemeji alikwenda kama kawaida. Bibi hakuwepo, alikuwa shambani. Kwa hiyo aliyemletea kikombe siku hiyo alikuwa binti yake, mtoto kiunoni, bakuli la uji mkono mwingine. Alinisimulia mwenyewe kwenye simu jioni hiyo. Alisema aliweka bakuli chini, akaonja maji, akampa baba yake. Shemeji akakipokea kikombe, na kabla hajanywa macho yake yakaenda kwenye lile bakuli.

"Na huyu," akauliza, "uji wake unapikwa na maji gani?"

"Ni hii hii, baba. Iko ingine?"

Bado alikuwa amekishika kikombe, macho kwenye bakuli.

"Lakini tunachemsha," binti akasema.

Hapo shemeji aliweka kikombe chini. Hakunywa, na hakuomba apewe mtoto ambebe. Aliondoka bila kula. Binti aliniambia kwamba alisema vile tu, hakukusudia kitu. Sikumbishia. Lakini ninamjua msichana huyo. Alikuwa mlangoni na sufuria mkononi siku ile baba yake aliponiambia nichemshe, na mimi ndiye niliyemfundisha kusubiri maji ya tatu.

Asubuhi yake nilisikia jembe. Nilitoka na kanga yangu nikasimama juu ya jiwe. Shemeji alikuwa ukingoni peke yake, bila kibarua hata mmoja, anang'oa nyanya za safu za chini, zimejaa, nyingine ndiyo kwanza zinaiva, anazitupa huko juu. Karibu naye kulikuwa na gunia la vipande vya nepia. Alikuwa amevaa viatu vya kwenda kanisani, nafikiri hakuwa na vingine vya kazi. Viganja vyake vilishaanza kuchubuka. Ilibidi nifurahi, na sikufurahi vya kutosha. Mimi ndiye niliyepaswa kumshinda, mimi na jagi langu. Kilichomshinda ni bakuli la uji na mtoto asiyejua hata kusema.

Sikumsaidia. Nilikaa juu ya jiwe nikamtazama. Jua lilipanda, akachimba. Akatoboa mashimo, akapanda, akashindilia kwa kisigino kama mama yake alivyokuwa akifanya. Alipomaliza mstari wa tatu alinyooka akashika kiuno, akaniona. Ilikuwa mara ya kwanza tunatazamana tangu siku ya jagi.

"Shem," akasema, sauti imekauka. "Nisaidie maji."

Nyumbani nilikuwa na mtungi mzima wa maji ya njia panda, masafi, ya baridi, umefunikwa kwa sahani. Nilimwonyesha shimo langu kwa kidevu.

Alilitazama. Kisha akaweka jembe chini, akaja, akaisogeza miiba taratibu, akapiga magoti mchangani na kuanza kufukua kwa mikono yake.